STEMPU NANE ZA MWINYIMVUA
Sehemu ya Tisa: Mkasi wa Ami Abbasi

"Mkebe uko wapi, mama?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na habari ninazo kwamba mmenisema sana. Bwana mmoja wa Ilala ameniandikia kuwa sina huruma hata chembe, nimemwacha binti wa watu kasimama katikati ya chumba, buibui linachuruzika maji, anauliza swali, nami nikaenda zangu kulala. Haya, bwana wa Ilala. Jibu lako hili hapa, na usije ukasema hukupewa.

"Ami yako kauchukua," alisema Bi Zena.

"Kauchukua lini?"

"Adhuhuri, wewe ulipokuwa mjini. Alipiga hodi, akaniomba, nikamsogezea mwenyewe chini ya pazia."

Siwema akakaa kitandani na buibui lake bichi.

Kwa mgeni aliyeliokota gazeti hili leo likiwa limefungiwa dagaa, nitasema upesi, wenzako wasubiri. Marehemu Mwinyimvua alikuwa mpanga barua wa posta tangu enzi za Mjerumani, naye amefariki siku arobaini na moja zilizopita. Kaacha nyumba Mtaa wa Sikukuu, hapa hapa Kariakoo. Kaacha mke, huyu Bi Zena, ambaye yumo edani, kavaa nyeupe, hatoki nje wala haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Kaacha binti mmoja, Siwema. Kaacha ndugu mmoja, Abbasi, fundi cherehani. Na kaacha mkebe wa biskuti wenye albamu ya stempu alizozikusanya maisha yake yote.

Sasa sikiliza kiini cha mambo. Sheria ya mirathi imeshasema: nyumba ni ya watu watatu. Nyumba haikatwi, kwa hiyo itauzwa, kila mtu apewe fungu lake, na Bi Zena na mwanawe watafute chumba cha kupanga. Ila stempu zikipata mnunuzi mzuri, Abbasi atalipwa fungu lake kwa fedha, na nyumba itabaki. Ndiyo maana Siwema aliipeleka albamu kwa Mzee Tulsidas, yule Mhindi muuza stempu wa Uhindini, akaitazame, kisha akairudisha nyumbani kungoja majibu. Na leo Mzee Tulsidas kamwita dukani kumweleza alichokiona.

"Kasemaje?" aliuliza Bi Zena. Uso wa mwanawe alikuwa keshauona.

"Kasema albamu nzima ni vitu vya shilingi mbili tatu. Ila ule ukurasa wa mwisho."

"Zile za meli?"

"Zile za meli, mama. Zile nane zilizoshikana."

Bi Zena alizijua vizuri. Safu mbili za stempu nne nne, nyekundu zilizopauka, kila moja ina picha ya meli ya Mjerumani. Mwinyimvua alipewa na bosi wake Mjerumani mwaka wa kumi na sita, siku Wajerumani walipofunga mizigo. Hakuzibandua kamwe. Alizilaza kwenye karatasi ya nta, na kila kaskazi ikija, hewa ikikauka, mkewe alikuwa na kazi ya kuifungua albamu kivulini na kubadilisha kile kifuko cha karafuu cha kufukuzia wadudu.

"Kuna meli moja katika zile nane imepinduka," alisema Siwema. "Mitambo ya Wajerumani ilikosea, moja ikachapwa kichwa chini. Mzee Tulsidas anasema dunia nzima hajasikia nyingine zilizobaki nane pamoja namna hiyo. Keshapiga telegramu Bombay, kuna tajiri anazitaka."

"Alhamdulillahi."

"Sikia kwanza, mama. Kosa lenyewe linaonekana kwa sababu ile moja imeshikana na wenzake. Ukiibandua, unaigeuza tu, inakuwa stempu kama stempu nyingine. Zikitenganishwa, zote nane hazina kitu. Hata za kununulia chumvi."

Bi Zena akaweka mkono kifuani.

"Ami alisema anazipeleka wapi?"

"Kasema anakwenda kuzigawa," alijibu Bi Zena.

Naam. Kuzigawa. Na msimlaumu Abbasi upesi, maana mwizi si yeye. Tangu matanga yaishe, Abbasi amekuwa akigawa mali ya nduguye kitu kimoja kimoja, kwa haki kabisa, mbele ya mashahidi. Kanzu kazigawa. Sahani kazigawa. Redio ya betri haikugawanyika, ikauzwa, zikagawanywa senti zake. Kila usiku alilala akiogopa kwamba kuna kijiko cha yatima kimebaki mkononi mwake, ataulizwa kesho akhera. Leo zamu ilikuwa ya mkebe.

"Kwa nini hukumwambia, mama?"

"Nilitaka jibu la Mzee Tulsidas lije kwanza. Ningemwambia nini? Watu wangesema mjane hajamaliza eda, keshaanza kutembeza vitu vya mumewe madukani."

"Na leo ulipompa?"

"Shemeji yangu kaniomba mali ya ndugu yake. Nimkatalie kwa lipi?"

Siwema alikuwa keshainuka. Mama yake akainuka naye, akafika mlangoni, akasimama. Hapo ndipo mwisho wake. Miezi minne na siku kumi, na alikuwa hajafika hata nusu.

"Kimbia, mwanangu," alisema. "Ana mkasi yule."

* * *

Duka la Abbasi, ukitaka kuliita duka, ni cherehani moja na meza ya kukatia nguo kwenye baraza la nyumba ya watu, Mtaa wa Mkunguni. Anashirikiana na fundi mwingine, Filbert, mtu wa bara, mpole, mshona suruali.

Siwema alifika akihema. Cherehani ya ami yake ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, kaka Filbert. Ami yuko wapi?"

"Marahaba. Kaenda Magomeni, kwa yule mwalimu wake wa mirathi. Kaazima baiskeli yangu."

"Alikuwa na mkebe?"

"Kaufunga nyuma kwa kamba. Kasema anakwenda kupigiwa hesabu."

"Na mkasi? Kauacha?"

Filbert akacheka. "Abbasi auache mkasi wake? Yule kama angeweza angeuvaa shingoni. Hauachi hata akienda kuoga, anaogopa nitaukatia karatasi."

Siwema hakucheka. Akauliza kitu kimoja tu, kama kuna basi, naye Filbert akamwambia yapo, lakini yanaishia Jangwani, maana mvua ya jana imejaza bonde.

Nani asiyeijua Jangwani wakati wa masika? Basi lilimshusha kwenye ukingo, akavua viatu, akakunja buibui, akaingia kwenye maji ya matope pamoja na wachukuzi na wauza mkaa. Yalimfika magotini. Mama mmoja alimshika mkono katikati ya bonde, wakavuka.

Nyumba ya mwalimu haikumpa taabu, iko mtaa wa pili nyuma ya zile nyumba mpya za Serikali. Mwalimu mwenyewe alikuwa kakaa kibarazani na miwani yake, anajipepea.

"Shikamoo, mwalimu. Namtafuta ami yangu Abbasi."

"Marahaba, binti. Ametoka hapa, nusu saa haijafika. Mmepishana."

Siwema akashika nguzo ya kibaraza.

"Usiwe na wasiwasi," alisema mwalimu kwa furaha, maana alidhani binti anahofia fungu lake. "Nimempigia hesabu nzuri sana. Mke ana fungu moja katika nane. Binti ana nusu, ndiyo manne. Ndugu anachukua yaliyobaki, matatu. Na zile stempu zenyewe ni nane. Miaka thelathini nahesabu mirathi, sijapata kuona mali iliyokaa sawasawa namna ile. Moja ya mama yako, nne zako, tatu zake. Nikamwambia, Abbasi, marehemu alijua hesabu."

"Amezikata hapa?"

"Hapa hana meza. Kasema anarudi dukani, akazikate kwa rula, asije akadhulumu mtu hata upana wa uzi."

Mnaona? Kumbe Siwema angekaa tu pale kwa Filbert, akaomba maji ya kunywa, akajipepea kwa ncha ya buibui, ami yake angemjia mwenyewe na mkebe mkononi. Nimeandika hadithi miaka kumi na sijui nimwambie nini binti huyu. Alikimbia, ndiyo kosa lake.

Alirudi mbio mpaka Jangwani. Mvua ilikuwa imeanza tena huko Pugu na maji yalikuwa yamepanda. Wachukuzi waliokuwa wakivuka maji ya magotini sasa walikuwa wamekaa ukingoni, mizigo yao kando, wanavuta sigara. Siwema akaingiza mguu. Mzee mmoja akamvuta nyuma kwa buibui.

"Utakufa, binti. Subiri yashuke."

"Yatashuka saa ngapi?"

"Hilo mwulize Mungu."

Akakaa chini. Ng'ambo ya pili aliyaona mabati ya Kariakoo, karibu kabisa, na hakukuwa na njia ya kufika.

* * *

Turudi Mtaa wa Sikukuu. Bi Zena kakaa nyuma ya pazia, anasikiliza barabara. Kila baiskeli iliyopita ilimshtua. Jirani alipita, akamwuliza kama anahitaji chochote, naye akasema hapana, maana angeanzia wapi kueleza? Aliswali alasiri, na hakumbuki aliswali rakaa ngapi.

Ilipokaribia saa kumi na moja, baiskeli moja haikupita. Ilisimama.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji Abbasi."

Akavua viatu mlangoni, akaingia ukumbini, akakaa mkekani upande wake wa pazia. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kutoka nyuma ya pazia sauti ile ilikuwa ya mumewe kabisa. Bi Zena alishaizoea siku arobaini na moja, lakini leo ilimchoma.

"Shemeji," alisema haraka, "kabla hujafanya lolote, nina ombi."

"Liseme."

"Zile stempu za ukurasa wa mwisho. Zilizoshikana. Usizigawe. Ziache vilevile, hata kwa siku chache."

"Kwa nini?"

"Nitakueleza. Kwa sasa niamini tu. Kaka yako hakupenda zitenganishwe."

"Kama hakupenda, hazitenganishwi," alisema Abbasi pale pale. "Mimi nani hata nivunje alichopenda kaka? Siku chache, hata mwezi. Ungeniambia tu."

Bi Zena akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu saa tisa akavuta pumzi kamili. Alitaka kucheka.

"Tatizo," aliendelea Abbasi kwa ile sauti yake ya chini, "ungeniambia adhuhuri."

Mkebe ukaingia chini ya pazia, taratibu, ukisukumwa kwa vidole viwili.

Bi Zena akaufungua. Juu ya albamu kulikuwa na bahasha mbili nyeupe. Moja imeandikwa jina lake, moja jina la Siwema. Akaimimina ya kwanza kiganjani. Ikatoka stempu moja.

"Nimezikata vizuri, shemeji, usiwe na hofu," alisema Abbasi. "Nimetumia rula na chaki, kama ninavyokata suti ya mzungu. Filbert alikuwa shahidi, kaniambia Siwema ananitafuta, nikajua anataka fungu lake. Moja hiyo ni yako, nne za Siwema, tatu zangu ninazo hapa mfukoni. Hakuna aliyepunjwa."

Bi Zena akaishika ile moja kwa ncha za vidole.

"Na yale meno meno ya pembeni yalikuwa yamechakaa, kama kitambaa kilichoanza kufumuka. Nikayapunguza, sasa zimenyooka. Halafu masika yalikuwa yamezikunja, nikazipiga pasi kidogo juu ya kitambaa kibichi. Utaona zilivyolala."

Aliona. Ilikuwa imelala kama leso iliyotoka kwa dobi. Ile gundi ya nyuma, ambayo Mwinyimvua hakuthubutu kuigusa kwa kidole miaka thelathini na saba, ilikuwa imeyeyukia kwenye kitambaa cha Abbasi.

"Kulikuwa na moja imeshonwa juu chini," alisema Abbasi, akacheka kidogo kwa upole. "Nadhani kaka hakupata kuiona, macho yake yalikuwa yameshaharibika. Hiyo nayo nimeiweka sawa."

Bi Zena akazimimina zile nne za mwanawe, akazipanga mkekani pamoja na yake. Meli tano, zote zimesimama wima. Akazigeuza moja moja, akazitazama karibu na jicho, akaitafuta ile iliyokuwa kichwa chini. Hakuijua. Huenda ilikuwa miongoni mwa hizi. Huenda ilikuwa mfukoni mwa shemeji yake. Zilifanana zote.

"Shemeji, mbona kimya? Nimekosea?"

Sasa nisikilize vizuri, msomaji, maana najua wengine mtamlaumu Bi Zena kwa hili. Alikuwa na neno mdomoni. Alikuwa na haki ya kulisema. Lakini alimjua Abbasi tangu akiwa kijana anayevaa kaptula za kurithi, alijua mtu huyu hulala macho kwa ajili ya kijiko. Akilisema, litamwua. Na likishasemwa, stempu hazitashikana tena. Akalimeza.

"Hujakosea," alisema. "Umekata vizuri."

"Alhamdulillahi. Basi imebaki nyumba tu."

Abbasi alikuwa anahangaika na ncha ya mkeka, Bi Zena aliisikia ikikwaruza.

"Kesho asubuhi analetwa mtu kuitazama," alisema hatimaye. "Mtu wa Kilwa, ana fedha taslimu. Shemeji, Mungu ananiona, sikupenda. Mimi nimezaliwa chumba hicho unachokalia. Kama ningekuwa na njia ya kukuachieni fungu langu, ningekuachieni. Lakini nina watoto saba kwenye vyumba viwili, na kila siku nyumba hii ikikaa bila kugawanywa naona kama nakula kisicho changu."

"Najua, shemeji."

"Mtapata chumba kizuri. Nimeshauliza Magomeni."

"Ahsante."

Alisema ahsante. Siwezi kuongeza kitu hapo.

* * *

"Hodi hapa kwa Mama Siwema."

Bi Zena alishtuka. Aliitambua sauti ile kwa jinsi Siwema alivyozoea kuiigiza akirudi kutoka mjini. Mzee Tulsidas hakuwa amewahi kufika nyumbani kwao. Leo alikuwa kaja kwa miguu kutoka Uhindini, mwamvuli mkononi, suruali nyeupe ina matope mpaka kwenye goti, na miaka sabini mgongoni.

"Karibu, mzee," alisema Abbasi, akainuka kumpokea. "Mama mwenyewe yumo edani, haonekani. Mimi ni ndugu wa marehemu. Karibu ukae."

"Wewe ndiye Bwana Abbasi? Vizuri sana. Wewe pia unahusika." Alikuwa anahema, lakini sauti ilijaa furaha. "Mama Siwema, unanisikia? Nimeleta habari njema."

"Mzee Tulsidas," alisema Bi Zena kutoka nyuma ya pazia, "umechoka na njia. Habari na ije kesho."

"Kesho hapana. Wanataka jibu leo."

"Siwema hayupo. Yeye ndiye aliyekuwa akishughulika. Tafadhali, mzee, mngoje yeye."

"Mama, nimepita kwenye matope yote ya Kariakoo kwa ajili ya karatasi hii. Unisikilize dakika moja."

Bi Zena akakohoa kwa nguvu. Akagonga sakafu kwa kiganja. Akaita jina la mzee yule mara mbili. Mtu mwingine angetoka, angemnyang'anya ile karatasi, na mambo yangekwisha. Yeye alikuwa na pazia la kitambaa cha maua, na nguo nyeupe mwilini, na mume kaburini siku arobaini na moja. Mzee Tulsidas alidhani ni furaha inamtikisa mwanamke, akafungua telegramu.

"Bombay wamekubali," alisema. "Zote nane, zimeshikana, kama nilivyowaeleza. Bei yao, Bwana Abbasi, inatosha kukulipa wewe fungu lako lote la nyumba hii leo hii, na kinabaki cha kumsomesha binti. Hakuna haja ya kuuza hata kigae."

"Stempu nane zipi?" aliuliza Abbasi.

"Zile za meli. Hujaonyeshwa? Moja imechapwa kichwa chini. Ndiyo mali yenyewe hiyo. Zikishikana tu."

Bi Zena alisikia mkono wa shemeji yake ukiingia mfukoni. Alisikia bahasha ikifunguliwa. Kisha akasikia kitu kama karatasi ndogo tatu zikiwekwa mkekani, moja moja, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea vitambaa vya watu.

Mzee Tulsidas alitoa kioo chake cha kukuzia mfukoni, Bi Zena alisikia kifuniko kikibofya, naye mzee akainama. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Meno yako wapi?" aliuliza.

"Nimeyapunguza."

"Na iliyopinduka?"

"Nimeigeuza."

"Ilikuwa ipi kati ya hizi?"

Abbasi alizitazama. Alizishika moja moja na kuzirudisha. "Sijui, mzee," alisema. "Zote zilikuwa sawa nilipomaliza."

"Abbasi," Bi Zena aliita. Kwa mara ya kwanza hakumwita shemeji. "Abbasi, si kosa lako. Mimi sikukuambia. Mimi ndiye niliyekupa mkebe kwa mkono wangu."

Abbasi alikuwa anamwuliza yule mzee, kwa sauti ya chini kabisa, na laiti sauti ile isingefanana na ya marehemu, Bi Zena angeivumilia.

"Kwa hiyo, mzee, nimeikata nyumba ya kaka yangu."

Mzee Tulsidas ni mtu wa biashara, na kwa miaka arobaini amejisifia kwamba hamdanganyi mteja. Nadhani siku ile angependa kuwa amejifunza kudanganya. Aliikunja telegramu mara mbili, akaitia mfukoni, akawa hana la kufanya na mikono yake.

Bi Zena akasikia shemeji yake akiinuka. Akasikia nyayo ukumbini, kisha mlangoni, kisha hazikusikika tena. Baiskeli haikuguswa.

"Mzee," alisema, "amekwenda?"

"Amekwenda, mama. Viatu ameviacha."

"Mkasi?"

Mzee Tulsidas akatazama mkekani, akapapasa chini ya bahasha. "Mkasi sikuuona. Labda anao." Akajikokota mpaka mlangoni, akachungulia kwenye mvua, akarudi. "Watu ni wengi. Mama, wewe unamjua. Atakuwa ameelekea wapi?"

Bi Zena alikuwa amesimama, pua yake imegusa pazia. Hakujua. Na kutoka pale aliporuhusiwa kusimama, barabara haionekani.